Nguzo za Kafara

Wakuu, mdogo wangu Kajetani ana mguu mmoja. Miaka thelathini na kitu sasa ananiuliza swali lilelile, nami namjibu uongo uleule.

Leo nauacha.

Ilikuwa tisini na mbili, enzi za ruksa. Mitumba imejaa sokoni Msamala, kila mtu anauza kitu. Kampuni moja ikaja kujenga daraja kwenye Mto Ruvuma, nje kidogo ya Songea. Mimi na Kajetani tukapata vibarua.

Daraja lilipokaribia kwisha, tukaambiwa tusimike magogo sita mtoni, hatua kama thelathini kabla ya daraja, upande maji yanakotoka. Magogo manene, miti migumu. Hayabebi kitu. Yamesimama tu kwenye maji.

Nikamuuliza mhandisi, "Mzee, haya ya nini?"

Alikuwa anakimbilia gari. "Hizo ni nguzo za kafara, Rupert. Bila hizo daraja halikai."

Kafara!

Jioni nikamsimulia mama mkwe wangu, Kunegunda. Akaweka ungo chini.

"Hee! Kafara ya mbuzi au ya mtu?"

"Hakusema."

"Asiposema ni ya mtu, baba."

Tangu siku hiyo yule mhandisi sikumtoa machoni. Anacheka sana. Kwa nini anacheka? Anagawa sigara kwa vibarua. Nani anagawa sigara bure?

Wiki iliyofuata akamwita Kajetani. Akatoa tepu, akampima kifua, akampima kutoka bega mpaka kiuno, akaandika.

"Mvua zikianza utakuwa unakaa darajani," akamwambia. "Uwe unaziangalia zile nguzo."

Kajetani akafurahi, kibarua kimegeuka ajira. Mimi niliona jeneza tu.

"Achana na hiyo kazi," nikamwambia.

"Kaka, una wivu?"

Neno lile liliniuma. Nikaenda kutafuta msumeno.

Jumapili, watu wote wako misani, nikashuka nao mtoni. Maji yalikuwa magotini. Nikayakata magogo mawili ya katikati, nusu na zaidi, upande unaotazama daraja, nikapaka tope. Nilijua maji ya kwanza yatayabeba na kafara itakuwa imeharibika. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nimemwokoa mdogo wangu!

Mvua ilipokuja haikuja kwa utani.

Siku hiyohiyo ya kwanza, adhuhuri, pantoni ya kampuni, ile ya kuvushia mawe, ikakata kamba huko juu na kuteremka na mto. Chuma kitupu, haina mtu. Kajetani yuko darajani, kavaa jaketi la rangi ya machungwa lililoletwa kutoka Dar.

Mhandisi akapaza sauti kutoka ukingoni. "Msiogope! Itagonga nguzo, zivunjike zenyewe, daraja lipone!"

Mama yangu! Kumbe kafara ilikuwa magogo.

"Mbili hazipo!" Kajetani akapiga kelele.

Pantoni ikapita palepale pa katikati, bila kugusa kitu, ikalivaa daraja. Kajetani akaenda na maji pamoja na kingo za daraja.

Tulimpata mbali huko chini, anaelea. Jaketi ndilo lililomwokoa, lile alilopimiwa kwa tepu. Mguu ulikuwa umesagika.

Mhandisi alifukuzwa kazi, ikasemwa alisimika magogo mabovu. Nilikuwepo anapakia sanduku lake. Nilinyamaza. Hilo nalo linanichoma mpaka leo.

Kila mwaka mvua zikianza, Kajetani huniuliza, "Hivi kaka, zile nguzo mbili zilikwenda wapi?"

"Zilikuwa mbovu, mdogo wangu."

Hazikuwa mbovu.

Wakuu, neno likikutisha, mfuate aliyelisema akueleze maana yake, hata kama anakimbilia gari. Mimi nilikwenda kumuuliza mama mkwe.

Kajetani, najua binti yako Dorine hukusomea simulizi za humu kwenye simu yake. Akifika hapa, mwambie aweke simu chini, afungue mlango.

Niko nje.