Patasi ya Baba Ilivyokwenda kwa Zuhura

Nikikumbuka utoto, harufu ya maranda hutangulia kabla ya sura ya mtu yeyote. Karakana ya baba pale Kilwa Kivinje ilikuwa ubavuni mwa nyumba, nasi watoto tulishinda humo, miguu imezama kwenye maranda, tukisubiri mama aje kuyazoa akachomee korosho. Wenzangu wa rika langu wanaijua ladha hiyo. Watoto wa siku hizi korosho wanaijua ya pakiti.

Enzi hizo kitanda cha harusi hakikuagizwa kwa picha ya simu. Baba alichonga kwanza kitanda kidogo cha mfano, cha kupakatwa, kamili kila kitu, kisha mashangazi wa bibi harusi wakaja kukikagua. Walikigeuza, wakakitikisa, wakakifungua kipande kipande na kukiunga tena. Kwenye vitanda hivyo vidogo ndipo baba alipotufundisha ufundi, mimi na Zuhura, binti wa baba mkubwa aliyeletwa kwetu kutoka Njinjo kuja kusoma. Tulianza na msasa, tukaja kwenye msumeno, mwisho tukaruhusiwa kuchonga ulimi wa ubao uingie kwenye tundu lake bila msumari.

"Acha papara, mwanangu, ubao haukimbii," baba aliniambia kila siku. Zuhura hakuwahi kuambiwa. Mkono wake ulitulia tangu siku ya kwanza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja baba akatuambia kila mmoja achonge kitanda chake. Ambaye chake kingechaguliwa na mashangazi angepewa patasi ndogo ya baba, ile yenye mpini uliokuwa mweusi kwa jasho lake. Niliitaka patasi ile kuliko nguo ya Idi. Nikapiga msasa mpaka kitanda kikang'aa, na ili viungo visionyeshe hata mwanya, nikavigandisha kwa utomvu wa mkorosho. Zuhura mwenyewe alikiri kwamba changu ni kizuri zaidi.

Shangazi mmoja akakichukua, akatabasamu, akavuta mguu. Haukutoka. Akavuta tena.

"Bwana fundi, hiki bibi harusi atakipitishia dirishani?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Milango yetu ilikuwa myembamba, na kitanda kisichofunguka kilikuwa cha kulala uani. Cha Zuhura kilifunguka na kuungika upya mikononi mwao, na patasi ikawa yake.

Juzi nilikwenda Lindi, kwenye karakana ya Zuhura. Binti yake anayesomea usanifu Dar alikuwa ameleta kitanda kidogo cha plastiki kilichotolewa na mashine.

"Shikamoo, mama mdogo. Cheki mzigo huo, sijagusa hata msumeno!"

"Marahaba." Nikavuta mguu. Haukutoka. Moyo wangu ukafurahi kupita kiasi. "Hiki utakipitishia dirishani?"

Zuhura akacheka mpaka machozi, akamkalisha bintiye mbele ya kipande cha ubao, akatoa patasi ya baba. Nikaomba niishike kwanza. Mpini ulikuwa umebonyea pale linapokaa dole gumba la Zuhura. Nikaweka langu; halikukaa. Nikamrudishia.

Binti akaanza kuchonga kwa pupa. Zuhura akamshika mkono taratibu.

"Acha papara, mwanangu, ubao haukimbii."

Patasi nilikwisha kumwachia. Lakini maneno yale baba aliniambia mimi.