Benchi la Sagini

Katika chumba cha michezo cha Sagini, nyuma ya duka la maziwa mjini Sotik, kulikuwa na sheria moja: huchezi na mtu wa kwenu. Mchezo wenyewe ulikuwa mbio za magari msituni. Mmoja anaendesha, mwenzake anamsomea kona. Dereva akiwa Mkisii, msomaji sharti awe Mkipsigis. Sagini aliitunga sheria hiyo baada ya uchaguzi uliowafanya vijana wa pande mbili za mpaka wa makabila hayo waache kusalimiana.

Hodari wao walikuwa Ombui, dereva Mkisii, na msomaji wake Robert, Mkipsigis wa Ndanai.

"Gona gali, kulia!" Robert alipaza sauti kwa lafudhi ya kwao, akimaanisha kona kali.

"Gona ndiye nani? Shangazi yako?"

"Keuza kari, wewe, utatuua!"

Benchi zima lilicheka.

Mwaka mzima walingoja toleo jipya la mchezo huo. Sagini alikuwa ameshaandika mlangoni kwa rangi: INAKUJA. Kisha habari ikafika: kampuni inayotengeneza mashine nyingine ya michezo, si kama ya Sagini, imeinunua studio iliyobuni mchezo huo. Toleo jipya litachezwa kwenye mashine yao tu.

"Wamenunua studio?" Mama Rodah, mwenye nyumba, alishtuka. "Ya Obure? Sasa picha za kitambulisho tutapigwa wapi?"

"Si ya picha, mama," Sagini alimweleza. " Ni watu wanaotengeneza mchezo. Wamenunuliwa ili sisi tunyimwe."

"Yaani kama kiwanda kununua mashamba yote ya chai, cha jirani kikose majani?"

"Hivyo hivyo."

"Na wanywaji je?"

Kule mbali huo uliitwa mkakati, na wakubwa wakapongezana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi kwenye benchi la Sagini. Walinunua vipaji vya watu ili kuwafungia wengine mlango, basi.

Mashine ile mpya ilifika Litein, kwa binamu yake Robert.

"Twende, Ombui," Robert alimwambia.

"Huko kuna sheria ya Sagini?"

Robert alitazama viatu vyake. "Huko ni sisi kwa sisi."

"Sasa mimi nitasomewa kona na nani?"

Robert akaenda peke yake, na wa kwao wakamfuata mmoja mmoja; Wakisii nao wakakosa wenza.

Jumamosi Ombui alikuta benchi tupu. Sagini, Mkisii mwenzake, akafuta mikono, akaketi kando yake, akashika usukani. Mchezo ukawa ule ule wa zamani. Kona ya kwanza ilipokaribia, Ombui alikohoa.

"Gona gali," akasema polepole, kwa lafudhi ya Robert. "Kulia."

Hakuna aliyecheka.