Mafuta Mekundu ya Pompe ya Salumu

Kuko siku moja ya wakati wa barebelle, wale waasi, ambayo haijatoka kichwani mwangu, mwanangu, hata sasa meno yamening'oka. Nilikuwa chauffeur wa kamyo, lori la mizigo. Barabara ya Butembo na Beni niliijua kuliko chumba changu. Masomo sina, niliachia primaire katikati, na nyumba hii unayoketi ndani nimeijenga mwenyewe. Donc nisikilize.

Dada yangu Kavira alikuwa anaumwa uchungu tangu jana yake, mutoto amelala vibaya tumboni. Munganga wetu wa Butembo alikuwa amekimbia. Hata Beni hakukuwa munganga; mwengine alikuwa Goma, na barebelle balifunga njia kule Alimbongo. Ilibaki ndege ndogo ya Salumu, mufanyabiashara wa Beni. Aliinunua kwa muzungu mumoja wa kahawa aliyeondoka kisha ya uhuru, na huyo muzungu njo alimufundisha kuirusha na kuitunza.

Asubuhi tulimubeba Kavira pamoja na majirani mpaka uwanja wa ndege wa Butembo, tukamukuta Salumu amelala chini ya ndege yake. Pompe ya mukono ilikuwa inavuja: ile ya kusukuma mafuta ili magurudumu yashuke, kama moteri yao imekataa. Alikuwa amebadilisha mupira wa ndani, lakini mafuta yake mekundu yalikuwa yamekwisha.

Nikakimbia ku kamyo, nikaleta mafuta ya frein, yale ya breki.

"Muzee Salumu, tia hii. Mafuta ni mafuta. Sisi kwenye kamyo tunatia hata maji ya sabuni, na tunafika."

Akaangalia chupa, akaniangalia.

"Weye kamyo ikikataa, unashuka, unatia jiwe nyuma ya tairi. Mimi kule juu nitatia jiwe wapi?"

Majirani bakacheka, hata Kavira na maumivu yake.

"Hii yako itakula mupira," akasema. "Enda Beni kwa muke wangu, akupe chupa ya mafuta mekundu. Hapana kuleta ingine."

"Mais dada yangu anakufa!"

"Njo maana, ndugu yangu. Enda."

Nilimutukana njia yote. Niliporudi, Kavira hakuwa anasema tena. Hata hivyo Salumu hakukimbia. Alinawa mikono, akajaza pompe, akatoa hewa pole pole. Kisha tukainua ndege juu ya krik, jeki za kamyo yangu, akapanda ndani, akabonyeza kitufe. Magurudumu yakaingia tumboni mwa ndege; akasukuma pompe, yakatoka tena, mbele ya macho yetu. Mama mumoja akapiga ishara ya musalaba.

Tukamulaza Kavira nyuma, tukaruka. Niliona Lubero yote chini, mashamba kwenye milima kama kitambaa cha viraka, kisha ziwa, kisha moshi wa volkano. Nilisahau hata kuogopa. Karibu na Goma, Salumu akabonyeza kitufe cha magurudumu. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Sukuma," akaniambia, na kunionyesha mukono wa pompe kati ya viti vyetu.

Mwanzo ulikuwa mwepesi, nikasema tumekwisha. Halafu ukaanza kuwa muzito, muzito zaidi, mpaka mabega yakawaka. Chini ya miguu yetu kitu kikagonga, ko! Taa ya kijani ya magurudumu ikawaka. Fikiria, mwanangu. Mafuta ya kujaza kikombe tu, na yalishika ndege nzima, sisi batatu na yule aliyekuwa bado tumboni. Salumu akasema "Bismillahi", akatua.

Mutoto alizaliwa saa ileile, mikononi mwa munganga wa Goma. Mama yake alipona. Mimi siinamii mutu bure, lakini yule muzee nilimushika mikono yote miwili.

Sasa weye unabeba batu kwa moto yako, hii pikipiki, humu mutaani Kimemi, na unafunga frein kwa waya kwa sababu client uliyemubeba anapiga kelele kwamba anachelewa. Acha apige. Kitu kinachobeba batu, ukipe kile kinachodai, na ukijaribu wakati kingali chini. Anayekuharakisha ndiye utakayemwangusha.

Mungu akulinde milimani na kwenye matope. Akupe mikono isiyodanganya, na kila utakayempandisha nyuma yako, umufikishe kwa mama yake.