Mzee Aliyerudi Kutoka Gerezani

Wafungwa wa vifungo vifupi walipoanza kuachiwa, nilikuwa mlinzi kwenye shamba la ngano la serikali, na niliogopa kuliko nilivyokubali. Gereza lilikuwa limejaa hadi watu wanalala kwa zamu, kwa hiyo wengi wakasamehewa. Wenye maduka mjini Katesh walinunua kufuli mpya. Mimi nilikuwa na hofu yangu binafsi: mmoja wao nilimkamata mwenyewe.

Alikuwa mzee wa kifugaji. Nilimkuta katikati ya ngano, na mahakamani nikatoa ushahidi kwa kujidai sana. Alijitetea kwamba alikuwa anakwenda kwenye kaburi la baba yake, kichuguu kikubwa cha udongo ambacho ukoo wake ulikijenga juu yake kabla ya shamba kuwepo. Hakuna aliyemsikiliza, akafungwa kwa kukanyaga ngano.

Basi wafungwa wakarudi, na wezi tuliowangoja hawakuonekana. Wengi walikuwa wamefungwa kwa kosa hilo hilo la kukanyaga ngano, wakarudi kwa ng'ombe wao. Msimu ule aliyeiba mabati ya ghala letu alikuwa fundi wetu wenyewe, ambaye hajawahi kuiona jela.

Asubuhi moja yule mzee akaja kibandani kwangu, amekonda, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha pombe ya asali mkono mwingine. Nilimpa shikamoo huku jicho langu likiwa kwenye fimbo. Akaitikia marahaba, kisha akaniomba nimpeleke mwenyewe kaburini, nitangulie nimwonyeshe pa kukanyaga, kwa sababu akifungwa tena atafia huko. Pombe ilikuwa ya kummwagia baba yake.

Nilipaswa kukataa. Pia nilipaswa kumwambia jambo fulani kabla hatujaondoka, nikakosa ujasiri. Nikatangulia.

Tulitembea katikati ya ngano iliyofika kiunoni, yeye akiweka mguu pale nilipotoa wangu. Nikasimama. Mahali penyewe palikuwa tambarare, ngano imesimama vizuri tu. Mzee akageuka huku na huku akikitafuta kichuguu. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

“Walilima lini, mwanangu?”

“Ulipokuwa ndani, mzee wangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza dereva wa trekta.”

Akaninyooshea kibuyu.

“Basi mwaga wewe,” akasema. “Wewe ndiye unayejua alipolala.”