Kadi Isiyo na Bahasha

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nashona nguo nyumbani kwangu Manyamanyama, huko Bunda, kwa cherehani niliyoikopa katika duka moja la Musoma. Nililipa kila mwezi. Mwaka mmoja fedha za pamba zilichelewa, wateja wangu wakakosa cha kunilipa, nami nikachelewa miezi miwili.

Mwenye duka hakuniandikia barua. Alituma kadi ya posta, wazi, kupitia sanduku la kijiji. Barua zetu zote zilipitia huko, na katibu wa kijiji alizigawa baada ya mkutano. Aliitazama kadi yangu, kisha akaisoma kwa sauti: nadaiwa, sina uaminifu, cherehani itachukuliwa.

Watu wakacheka. Nikaenda mbele, nikamnyang'anya.

"Ndugu katibu, hii ni ya kwangu. Nani kakutuma uisome?"

"Ingekuwa siri, ingefungwa," akajibu.

Asubuhi yake jirani yangu alikuja kuchukua kitambaa chake. "Usinichukie, dada. Wakija kubeba cherehani wasije wakabeba na gauni langu." Hadi jioni vitambaa vyote vilikuwa vimeondoka, hata sare za shule nilizokwisha kuzikata. Nikabaki na mashine isiyo na kazi.

Nikapanda basi hadi Musoma. Duka lilijaa wateja, sikungoja watoke. Kadi nikaiweka mezani.

"Mbona hukuitia kwenye bahasha?"

"Bahasha anaisoma mtu mmoja. Mimi nataka ulipe."

"Nilikuwaga nalipa. Sasa hakuna anayeniletea nguo, nitalipa na nini? Ulikuwa unanidai mimi, hukuwa unaidai Bunda nzima."

Akaniuliza nimekuja na pesa au na maneno. Nikamwambia akachukue mashine yake.

Wiki iliyofuata gari lilikuja. Wachukuzi waliomba niwashikie mlango. Nilikaa kwenye kigoda changu nikachambua mboga. Nilichokuwa nimelipa miezi yote hiyo hakikurudishwa, nami nikarudi kwenye jembe. Kushona sikushona tena.

Yule mwenye duka alikufa akiwa mzee, baada ya miaka mingi. Katibu, naye amezeeka, alipita kwangu akichangisha nauli za kwenda mazishini.

"Marehemu hana ubaya, mama," alisema.

Nikamwambia nina palizi, nikamfungia mlango.