Siku Uto wa Mama Ulipopimwa

Arubaini ya mwanangu wa kwanza ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, nami ningali kwa mama Kisauni, maneno yalipoanza kuenea kwamba uto wa mama una sumu.

Mama alikuwa mjane, na tangu baba afariki alitulea kwa kupika uto wa nazi. Alikuna nazi alfajiri, akakamua tui, akaliteleka hadi maji yakauke na uto ubaki juu, safi, ukinukia uwanja mzima. Miaka ile ya Vita Vikuu vya Pili mafuta ya kupikia yalikuwa adimu, na watu walikuja kuutafuta uto wake hata kutoka Frere Town. Sehemu kubwa aliichukua mwenye duka jirani yetu, mtu wa ukoo wa zamani wa biashara, aliyemwita mama dada.

Kukatokea harusi mtaani. Mahamri na samaki vikakaangwa kwa uto ulionunuliwa duka lile, na kabla ya alasiri wageni wakashikwa na matumbo. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini mpishi alisema uto ulipopata moto ulitoa harufu ya gereji. Mwenye duka akaapa kwamba aliuuza kama alivyoupokea. Mama naye akaapa kwamba aliupika kama siku zote. Kila mmoja akamdhania mwenzake, na watu wakamdhania mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeupika. Wanawake walionikanda na kuniogeshea mtoto wangu wakawa wanapita wakitusalimia kwa mbali.

Mama hakugombana na mtu. Alivaa buibui lake, akaniambia nimbebe mtoto, tukavuka daraja la kuelea hadi kisiwani, kwenye ofisi ya afya. Tulikaa kwenye baraza mpaka akatutokea bwana mmoja wa makamo, Mgoa mzaliwa wa Mombasa, amevaa koti jeupe lenye madoa ya dawa. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima, maziwa na vyakula vya madukani, kujua kama vina kitu kisichotakiwa. Alimwambia mama kwamba uto wa duka lile umeshaletwa kwake, ataupima na jibu litapelekwa.

Mama alimsikiliza, kisha akamwambia, "Bwana, uto huu nimeupika tangu sijaolewa. Kama una kitu, nataka nikione kwa macho yangu."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake akauliza kama mama amewahi kupika sabuni. Mama akasema amepika sana. "Basi utaelewa," akasema, na akatuagiza tumngoje Alhamisi katika zahanati ya Kisauni, sisi na uto wetu, mwenye duka na debe lake.

Alhamisi zahanati ilijaa watu hata madirishani. Bwana yule aliweka mezani stovu, sufuria ya maji na vichupa vyembamba vya kioo. Jambo la kwanza alilolifanya sijalisahau. Alimpa muuguzi uto wa mama na uto wa duka, akamwambia autie vichupani, afunge kila kichupa uzi wa rangi yake, na asimwambie kipi ni cha nani. Kisha akatoka nje akatupa mgongo mpaka muuguzi alipomaliza. Alitaka mikono yake isimpendelee mtu hata kwa bahati mbaya.

Aliporudi alitueleza taratibu, kama mtu anayefundisha wanawe. Uto wa nazi ukipikwa na dawa kali ya kutengenezea sabuni iliyoyeyushwa katika spiriti, wote hugeuka sabuni, na ukitiwa maji ya moto, sabuni ile huyeyuka na maji yakabaki maangavu. Mafuta ya mashine hayageuki sabuni hata uyapike kutwa. Yakitiwa maji hujitenga, na kichupa kikafanya ukungu. Mama alitikisa kichwa kukubali, maana hilo la sabuni alilijua.

Kichupa cha tatu alikitia uto safi na tone la mafuta ya mashine, ili sote tujue ukungu wenyewe ulivyo. Akavitia vyote dawa, akaviweka katika maji ya moto, akavitazama bila haraka, akivitikisa kimoja kimoja. Hatimaye akatia maji ya moto. Kichupa cha tatu kilifanya ukungu, kama alivyosema. Cha uzi mwekundu kikafanya ukungu. Cha uzi mweupe kilibaki kiangavu, ukaweza kuona vidole vyake upande wa pili.

Muuguzi akasema mweupe ni wa mama.

Watu walimgeukia mwenye duka. Alikuwa ameloa jasho, na wengine walikwishaanza kumsogelea. Bwana yule akainua mkono, akasema kazi haijaisha. Akalimwaga debe la dukani likawa tupu, akalisugua kwa maji ya moto na kulikausha. Akachukua uto wa mama, ule ule safi, akaumimina kidogo ndani yake, akalizungusha mpaka ukafika kwenye mikunjo ya pembeni, kisha akaupima. Ukafanya ukungu.

Akamuuliza mwenye duka debe amelipata wapi. Akajibu kwamba madebe hayapatikani siku hizi, hilo amelinunua kwa mtu wa Changamwe, akaliosha kwa maji na mchanga.

"Lilikuwa la mafuta ya mashine," akasema bwana yule. "Yamejificha kwenye mikunjo, na mchanga haufiki huko. Huyu hakuchanganya kitu. Wala mama huyu."

Mwenye duka alikaa chini, akalia mbele za watu wote. Mama alimwendea, akamshika bega, akamwambia, "Inuka, ndugu yangu. Mimi pia nilikudhania."

Jumamosi mwenye duka alikuja na mkewe kuomba radhi, tukanywa kahawa pamoja. Tangu hapo mama hakumtilia mtu uto mpaka achungulie na kunusa chombo chake.

Alimpelekea bwana yule chupa ya uto kwa shukrani. Aliikataa kwa heshima, akasema huenda siku moja akatakiwa kuupima tena, na asingependa awe ameshaula. Mama alirudi nayo akicheka. Nimekutana na wasomi wengi baada ya hapo, lakini yule aliyetupa mgongo ili asijue kichupa ni cha nani bado namweka mbele yao. Jioni ile tulikaanga samaki changu kwa uto wa chupa ile, na wale wanawake walionikanda wakaja, tukala sote.