Kihisi Kinachosoma Vizuri Hewani

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku yangu ya kwanza katika kituo cha wapiga mbizi pwani ya Mtwara, Msimamizi wa Mitungi aliniuliza swali moja tu.

“Mmakua wewe, unajua kuogelea?”

“Sijui, mzee.”

“Afadhali. Hutakuwa na haraka ya kupanda boti.”

Kazi yangu ilikuwa kupima mitungi. Baadhi ya wapiga mbizi hutumia hewa iliyoongezwa oksijeni ili wakae chini muda mrefu zaidi. Oksijeni ikizidi kiwango na mtu akashuka sana, hushikwa na degedege humohumo majini. Kwa hiyo kila mtungi hupimwa kwa kifaa chenye kihisi, kidude cha ukubwa wa kizibo kinachotambua oksijeni.

“Hiki ni kama betri,” Msimamizi alinifundisha. “Ukikizima, bado kinazeeka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia ishirini na moja kasoro kidogo. Kirekebishe kisome hapo. Kikiyumbayumba, tupa. Lakini kuna kihisi kizee kinachosoma vizuri hewani, kikikutana na oksijeni nyingi kinachoka. Hicho ndicho muuaji. Baada ya kukirekebisha, kipitishe kwenye oksijeni tupu. Kisipokaribia mia, usikibembeleze.”

Nikasoma mengine peke yangu, kwenye vijitabu vya vifaa, kamusi ikiwa mkononi. Nilihamishiwa kituo cha kisiwani, nikapanda cheo nikawa msimamizi, nikamfundisha binti mmoja, Zuhura, ambaye baadaye akawa pia kiongozi wa wapiga mbizi. Nilipostaafu nikarudi kijijini Makote, mbali na bahari.

Kwetu hasa ni Chiungutwa, ila nilioa Makote, na kwa desturi yetu mume huhamia kwa mkewe. Mke wangu alifariki kabla sijastaafu. Naishi kwa shemeji zangu kama mgeni aliyesahau kuaga. Wananiheshimu, lakini sina wa kuzungumza naye kuhusu kazi yangu. Jirani yangu, Mama Tatu, hunitania: “Baba Hamisi, sisi huku maji tunanunua kwa ndoo, wewe umezeeka unafundisha watu kuzama!”

Msimu huu wa korosho, asubuhi moja nikiwa shambani natenganisha korosho na mabibo, simu ikaita.

“Shikamoo, Baba Hamisi.”

“Marahaba, Zuhura. Mbona unahema?”

“Wageni wako kwenye boti, na mimi ndiye natangulia kushuka. Kihisi hewani kinasoma sawa. Meneja anasema twende.”

“Kwenye oksijeni tupu?”

“Kimegota tisini na moja.”

“Na mitungi?”

“Yote inasoma asilimia thelathini na mbili, kiwango chetu.”

“Hiyo ni hesabu ya kihisi. Wewe hujui mna nini mle. Kipya kipo?”

“Mpaka kitoke Dar.”

“Basi imwageni, mjaze hewa ya kawaida.”

“Kujaza ni kutwa nzima, Baba. Meneja atanifukuza.”

“Akufukuze ukiwa unapumua.”

Mtandao ukakatika.

Nilipanda hadi kwenye kichuguu, mahali simu inapokamata mtandao vizuri. Nikapiga, haikupokelewa. Nikarudi kwenye mabibo, nikapanda tena. Mama Tatu akapita na kikapu, akaniuliza nani mgonjwa. Nikasema hakuna. Ningeanzia wapi? Kwenye kihisi? Kwenye bahari? Akanipa pole hata hivyo, akaenda zake.

Nimejifunza kwamba kustaafu si kuacha kazi. Ni kubaki na hofu yake bila mwenzako wa zamu. Ukiwa kazini, mtungi ukikutia shaka unaufunga kwa mkono wako. Mimi siku ile nilikuwa na mikono yenye utomvu wa korosho, na bahari iko mbali.

Jua lilikuwa limeanza kuinama ujumbe ulipoingia. Nikausoma nimesimama palepale kichuguuni: “Hatukwenda. Mitungi yote nimeimwaga mwenyewe. Meneja hasemi nami, ila hajanifukuza. Wageni wamerudishiwa pesa yao, shilingi laki nane na elfu arobaini.”